Nyumba na Jamaa: Joto Lianze Pale Watoto Wanapolala



Mtu akisikia kwamba sisi wa Kisangani tunataka kusema habari za baridi, anaweza kucheka. Mstari wa Ikweta uko karibu nasi. Mtu anayetoka hapa kwenda Ubundu anaupita njiani. Usiku wa baridi kwetu ni usiku wa mvua kubwa. Joto linashuka mpaka digri 20 hivi, na tayari mama anatafuta kikwembe cha pili juu ya mtoto.

Lakini gazeti hili linasomwa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kipushi, tena Kamituga na Mongbwalu. Na watoto wa Mangobo leo wanapatikana huko pia, wengine na bibi na watoto, wengine peke yao. Mwezi wa sita ukifika, habari zao ni zile zile: "Pastor, huku baridi iko kali sana. Tufanye namna gani ili nyumba ipate joto?"

Ni swali zuri, na jibu lake lina pande mbili: uzuri wa nyumba na uzima wa watu walio ndani yake. Basi mwezi huu tunasema maneno matatu. Umfunike kwanza yule aliye dhaifu. Upambe nyumba kwa vitu vinavyofunika. Na makala ya moto yabakie inje.

BARIDI HII INATOKA WAPI?

Kisangani iko kwenye urefu wa karibu mita 400 juu ya bahari. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1200, na Kolwezi karibu mita 1400. Ukipanda mita 1000, hewa inapungua joto kwa digri 6 hivi. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni mbingu. Katanga, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua haiko. Mchana jua linawaka vizuri, lakini usiku hakuna mawingu ya kuzuia joto la udongo lisipande juu na kupotea. Mawingu ni kama bulangeti ya dunia. Yakiondoka, dunia inalala bila kufunikwa. Ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba, saa za alfajiri, Lubumbashi inaweza kushuka chini ya digri 10, na saa sita za mchana mtu anavua triko yake.

Sababu ya tatu tumeijenga sisi wenyewe, ni mabati. Bati linapata joto upesi na linalipoteza upesi. Huku kwetu nyumba ya potopoto yenye majani ya ndele ilikuwa na ukuta mnene na dari nene. Mchana ilikuwa baridi, usiku ilikuwa na joto. Mabati yanazuia mvua vizuri na yanadumu, hatuyalaumu. Lakini mtu anayelala chini ya bati tupu amelala chini ya kitu kinachotupa joto lake mbinguni usiku kucha.

Jambo hili si jipya katika inchi ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya kwanza, wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mbali, wengine kutoka sehemu za joto, na wakalazwa katika kambi mbaya. Ugonjwa wa mapafu uliua watu wengi. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianza kubadilisha mpango: ikataka mfanyakazi aje na bibi na watoto na akae miaka mingi, na ikajenga nyumba za matofali. Haikuwa juu ya huruma tu. Wakubwa waliona kwamba mtu anayelala vizuri anafanya kazi vizuri na hakimbii. Kama wale waliofuata faida walifahamu jambo hili, je, baba na mama wanaofuata upendo wasilifahamu?

MBABULA IBAKIE INJE

Sasa tunafika kwenye neno lenye uzito kuliko yote. Tafadhali mama, lisome kwa sauti ili wote nyumbani walisikie.

Usiku wa baridi, watu wengi wanapika inje, wanakula, kisha makala yakiwa mekundu wanaingiza mbabula ndani ya chumba na kufunga mlango. Wanasema: "Moshi umekwisha, sasa iko muzuri." Kumbe hapo ndipo hatari ilipo.

Makala yakiwaka yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiumizi macho kama moshi. Mtu akiivuta, inaingia ndani ya damu na kushika ile fasi ambayo hewa nzuri ingepaswa kukaa. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa nzuri. Polepole moyo na ubongo vinakosa chakula chao. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, miguu inalegea, wengine wanatapika. Na yule aliyelala hasikii lolote. Anapita kutoka usingizi mpaka kifo bila kugeuka. Watoto wadogo, wazee, wagonjwa wa moyo, na mtoto aliye tumboni mwa mama wanaumizwa upesi zaidi.

Ninyi jamaa za wachimbaji mnafahamu habari za hewa mbaya ndani ya shimo. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka na ndege mdogo wa manjano, kanari, ndani ya kitundu. Ndege huyo alianguka kwa gazi hii mbele ya mtu kuanguka, na watu wakakimbia. Desturi hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1980, vyombo vya kupima vilipochukua fasi yake. Sasa tazama: baba anayeogopa hewa ya shimo anarudi nyumbani, anaingiza gazi ile ile chumbani, tena bila ndege.

Mtu mwingine atajibu: "Sisi tunaingiza mbabula kila mwaka, na hakuna aliyekufa." Tunamsikia. Lakini fikiri kidogo. Nyumba ya zamani ilikuwa na matundu. Hewa ilipita chini ya majani, ilipita kwenye mlango wa mianzi. Leo tumejenga kwa bloku na simenti, tumeweka plafoni, tumetia vioo madirishani. Mbabula ni ile ile, lakini nyumba si ile. Kadiri tunavyoziba nyumba yetu vizuri ndivyo mbabula inavyogeuka kuwa muuaji. Kwa hiyo mtu asifuate mashauri yetu ya chini juu ya kuziba baridi kama hajakubali kwanza kutoa mbabula inje.

Na mtu asidanganyike kwamba kuacha dirisha wazi kidogo, au kuweka sufuria ya maji juu ya makala, kunaondoa sumu. Maji hayaifanyi neno gazi hii. Nyufa ndogo hazitoshi chumba cha watu waliolala.

Basi tunatumia mbabula namna gani? Fanya hivi: ingiza joto, acha makala inje. Pasha maji moto, yamimine ndani ya chupa ya plastiki ngumu yenye kufunga vizuri, lakini yasiwe ya kutokota. Izungushie kitambaa, iweke chini ya bulangeti nusu saa mbele ya kulala. Au pasha tofali la kuchoma lililo kavu, lifunge ndani ya kitambaa kinene, lijaribu kwa mkono wako, lilaze upande wa miguu. Usitumie jiwe la mtoni. Likiwa na maji ndani linaweza kupasuka motoni. Watoto wakipanda kitandani, ondoa chupa na tofali, kwani kitanda kimekwisha kupata joto na mtoto asiungue.

Kama umemkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye makala, usikae kuuliza maswali. Fungua mlango, mvute inje penye hewa, toa mbabula, ita majirani, mpeleke hospitali upesi. Mtu aliyezimia hapana kumpa maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji. Vitaingia katika mapafu. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaamka pamoja na kichwa kuuma, na inje maumivu yanapungua, msiseme ni malaria bila kufikiri. Ulizeni kwanza ni nini kiliwaka usiku ndani ya nyumba.

KITANDA KWANZA

Tukisema kupamba nyumba, wengi wanaanza na saloni: viti, meza ya kioo, televizyo. Mgeni akiingia anasifu. Lakini nyuma ya pazia, watoto wane wanavutana bulangeti moja juu ya simenti. Mpendwa, nyumba hiyo bado haijapambwa.

Baridi ya usiku inatoka zaidi chini kuliko juu. Matela nyembamba juu ya simenti inanyonya joto la mwili. Weka kitu katikati: makartoni makavu, mkeka mnene, au magunia yaliyoshonwa na kujazwa majani makavu. Yaanike juani kila juma ili unyevu na wadudu visikae. Kitanda cha mbao au cha mianzi, hata cha urefu wa magoti tu, kinaondoa mtoto kwenye simenti.

Bulangeti nene ni bei kali, tunajua. Lakini joto halitoki ndani ya bulangeti. Linatoka kwa mtu, na bulangeti inalizuia tu. Kinachozuia zaidi ni hewa iliyofungwa katikati ya vitambaa. Ndiyo maana vikwembe viwili vyepesi juu yako vinashinda kimoja kizito. Mama, usitupe vipande vya vitambaa vya fundi. Chukua vikwembe viwili vya zamani, panga vipande katikati, shona mistari ya kukatana ili visikusanyike upande mmoja. Vijana wa kike na wa kiume wanaweza kuifanya kazi hii kwa siku chache. Rangi zikichaguliwa vizuri, bulangeti hiyo ni pambo zuri kuliko ile ya soko, na kila kipande kina habari yake: hiki ni cha harusi ya shangazi, hiki ni cha koko.

Kwa mtoto mchanga kuna joto linalopita yote, ni kifua cha mama. Mwaka 1978 waganga wa Bogotá, inchi ya Kolombia, walianza kuwaweka watoto waliozaliwa mbele ya wakati ngozi kwa ngozi juu ya kifua cha mama, na leo njia hiyo inafuatwa katika hospitali nyingi za dunia. Baba naye anaweza kufanya hivyo. Mvalishe mtoto kofia na soksi, lakini bulangeti isifike juu ya uso wake.

MLANGO, DIRISHA NA DARI

Jua la Katanga ni zawadi ya bure. Asubuhi jua likipanda, fungua madirisha na mapazia, acha liingie mpaka ukutani na sakafuni. Saa kumi za jioni, mbele ya jua kupotea, funga. Ukuta wa matofali unashika joto la mchana na kulirudisha usiku; ukichelewa mpaka saa moja, joto limekwisha kutoka.

Chini ya mlango, shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze mchanga au vipande vya nguo, uulaze pale upepo unapoingia. Watoto wanapenda kuushona kama nyoka na kuutia macho. Pazia liwe refu kupita dirisha na liguse ukuta. Kama kitambaa ni chepesi, shona viwili pamoja.

Chini ya mabati, plafoni inasaidia sana. Kama huna fedha ya mbao, mikeka iliyofungwa kwenye miti ya dari inafanya kazi nzuri. Lakini taa ya petroli na mishumaa visikae karibu nayo, wala karibu na pazia au chandarua. Na waya za umeme zilizounganishwa ovyo kwa kupasha moto chumba, hizo pia zinachoma nyumba.

Acheni tundu dogo juu ya ukuta, hata lenye wavu. Hewa ya watu wengi waliofungiwa usiku kucha inaleta unyevu, na kifua kikuu kinapenda nyumba isiyo na hewa. Jamaa za machimbo zinafahamu ugonjwa huu kuliko wengine.

UZURI UNAOPASHA MOYO

Sasa nyumba imefunikwa, tunaweza kusema juu ya macho. Kuna joto la rangi. Udongo mwekundu, manjano, kahawia, vinaonekana vya joto hata usiku. Buluu na kijani cha maji vinaonekana vya baridi.

Hapana kufikiri kwamba mambo haya ni ya wazungu wa magazeti. Katika kijiji cha Makwacha, upande wa Lubumbashi, wanawake wanapaka nyumba zao rangi kila mwaka wakati wa kiangazi, wakati ule ule wa baridi, maana mvua haiko ya kuosha kazi yao. Rangi zao ni udongo wa pale pale: mweupe, mwekundu, mweusi, wa manjano. Hawalipi franka dukani. Mama wa kambi ya Kolwezi au Likasi anaweza kufanya hivyo kwenye ukuta wa nyumba yake, na mwaka ujao kubadilisha.

Tena, katika miaka ya 1970, watu wengi wa Lubumbashi na miji ya karibu walitundika saloni picha zilizochorwa na wachoraji wa mji, wengine juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Waliziita ukumbusho: kijiji cha zamani, mto, wakubwa wa zamani, mateso ya wakati wa ukoloni. Mtu aliye mbali na kwao alikaa chini ya picha na kuwaambia watoto habari. Kijana wa Mangobo aliye Kolwezi, tundika ukutani picha ya koko wako, au ya mto wetu na wavuvi wa Wagenia. Ukuta utasema nawe usiku wa baridi.

Na vile vitambaa vya kroshe ambavyo mama zetu wanatandika juu ya viti, msivicheke, vijana. Sufi inashika joto. Mwanamke anayejua kroshe anaweza kutengeneza kofia, soksi na shali, na kuuzisha mwezi wa tano mbele ya baridi kufika.

Mwisho, kuna joto la meza. Bukari ya moto, chai ya tangawizi, taa moja na watu wote karibu yake, redio imefungwa kidogo, baba anauliza habari za masomo. Hiyo haina bei.

KWA VIJANA WALIO KARIBU NA MASHIMO

Ninyi mnaolala ndani ya vibanda vya shiti karibu na machimbo, tunawafikiri sana. Shiti inazuia mvua na upepo, lakini haizuii baridi. Inueni mahali pa kulala kwa miti na majani makavu. Vueni nguo zenye maji mbele ya kulala, hata kama mmechoka. Vaeni kofia. Laleni karibu-karibu. Na pombe haileti joto: inavuta damu kwenye ngozi, mtu anasikia moto, kumbe mwili wake unapoteza joto upesi zaidi. Juu ya mbabula ndani ya shiti, tumekwisha kusema. Ni kaburi. Mkiota moto, oteni inje, kisha uzimeni kabisa.

ANAYEBAKI BILA BULANGETI

Katika sheria ya Musa, kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kuna neno juu ya mtu aliyekopa na kuweka nguo yake ya kujifunika kuwa rehani. Yule aliyemkopesha alipaswa kuirudisha mbele ya jua kushuka. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: hiyo ndiyo nguo yake moja, naye atalala na nini? Sheria haikuuliza kama yule mtu ni mvivu au mwenye bidii. Iliuliza usiku utamkuta namna gani.

Tuulize vile vile. Katika nyumba nyingi za machimbo kuna mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma, kuna koko, kuna kijana wa kazi. Mara nyingi huyo ndiye anayelala jikoni, karibu na makala. Fedha ya kwanza ya mwezi wa tano isiende kwenye pazia la saloni. Inunue bulangeti ya huyo.

Maswali ya kuzungumza pamoja nyumbani:

1. Usiku wa leo, ni nani kwetu anayelala fasi yenye baridi kuliko wote?

2. Mbabula yetu inalala wapi, na ni nani atakayeangalia kila jioni kwamba iko inje?

3. Ni kitu gani tulicho nacho tayari, kikwembe, gunia, udongo wa rangi, ambacho tunaweza kutumia juma hili bila kulipa?

4. Jirani yetu mwenye mtoto mchanga, je, amesikia habari ya makala? Ni nani atakwenda kumwambia leo?